Boliti ya Stata Haikatiki kwa Siku Moja

Salamu za leo naanza kuzigawa barabarani. Nawasalimu madereva mliolala Chalinze, utingo mnaochemsha chai kwenye kivuli cha tela, na mafundi ambao redio yenu imetundikwa kwenye msumari, imejaa grisi mpaka namba za masafa hazisomeki. Na wewe mwenye lori moja tu, tena la mkopo, ambaye simu ikilia usiku unaanza na "Mungu wangu, pawe salama," wewe nakuomba usogee karibu kabisa.

Leo nazungumzia kitu kinachotoshana na kidole. Boliti ya stata. Stata, au selfu kama wengine mnavyoiita. Ni ile ile.

Asubuhi yake mnaijua. Gari limelala na mzigo, dereva amenawa uso, amepanda, anapiga ufunguo. Badala ya ule mlio tuliouzoea, inasikika krrrak! Kisha kitu kinazunguka peke yake, kinalia kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Unaingia chini ya gari, unaishika stata kwa mkono, nayo inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Boliti moja haina kichwa. Nyingine ipo, lakini imelegea. Na kipande cha ile iliyokatika kimebaki ndani ya tundu, kimetulia, hakina pa kushikwa.

Swali langu la kwanza, wasikilizaji: boliti hiyo imekatika lini?

Dereva atasema, "Sasa hivi, fundi, umesikia mwenyewe." Mimi nasema hapana. Ilianza kukatika wiki nyingi zilizopita, pengine miezi. Leo imemaliza tu. Nitalirudia neno hili mpaka mnichoke: boliti ya stata haikatiki kwa siku moja.

Tuone kwanza stata inafanya nini pale ilipofungwa. Ni mota ya umeme, na mbele yake ina gia ndogo yenye meno kumi hivi. Pembeni yake kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma, na ukingoni mwa flaiwili kuna ringi yenye meno zaidi ya mia. Ukipiga ufunguo, ile gia ndogo inarushwa mbele, inang'ata ringi, inaanza kuigeuza injini nzima. Na injini ya dizeli haigeuki kwa kubembelezwa, maana kila silinda inabana hewa na kugoma. Sasa, ukisukuma ukuta kwa nguvu, ukuta nao si unakusukuma wewe? Ndivyo ilivyo. Gia inaisukuma flaiwili kule, flaiwili inaisukuma stata huku, inataka kuing'oa ilipokaa. Anayeizuia nani? Boliti mbili. Kwenye malori mengine tatu. Basi.

Niwapeleke pembeni kidogo. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka hendeli. Dereva anasimama mbele ya lori, anachomeka kile chuma kilichopinda, anazungusha. Injini ikiamua kurudi nyuma, hendeli linapiga teke, na teke lile limevunja mikono ya watu duniani kote. Ndipo Mmarekani mmoja, Charles Kettering, akatengeneza stata ya umeme iliyofungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na polepole hendeli likaaga. Lakini teke halikuaga, jamani. Teke lipo mpaka leo. Injini ikirudi nyuma bado inapiga, ila siku hizi haupigwi mkono wa dereva. Zinapigwa boliti.

Haya, turudi kwenye njia yetu.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na mimi nilikosea kwa miaka. Tunadhani boliti ni kigingi, na stata imetundikwa hapo kama koti kwenye msumari. Sivyo. Kazi ya boliti ni kubana. Nikupe mfano wa nyumbani. Chukua vipande vitano vya sabuni, vipange vimegusana, vibane kwa viganja viwili kutoka pande zote mbili, uvinyanyue. Vinakuja vyote, hata vile vya katikati ambavyo hakuna aliyevishika. Sasa legeza viganja kidogo tu. Vinaporomoka. Ndivyo boliti inavyofanya kazi. Ikikazwa sawasawa, inalibana sikio la stata, pale penye tundu la boliti, na hausingi, lile ganda linalofunika flaiwili, mpaka vinakuwa kama chuma kimoja. Teke la injini likija, linapokelewa na ule mbano wa chuma kwa chuma, na boliti yenyewe hailisikii sana.

Boliti ikilegea, hata kwa sehemu ya mzunguko mmoja, mbano umekwisha. Stata inaanza kucheza. Kila ukiwasha, boliti inapindwa kidogo, inarudi, inapindwa, inarudi. Unaujua ule waya wa kufungia nondo? Huwezi kuukata kwa kuuvuta, utaumia viganja. Ila ukiukunja huku na huku mara kumi na tano, unakatika wenyewe, tena unakuwa wa moto. Hivyo ndivyo boliti yako ilivyokufa. Kila asubuhi ulipowasha gari, uliikunja mara moja.

Na yenyewe inakuandikia barua kabla ya kufa. Kile kichwa kilichoanguka, kama umekiokota kwenye vumbi, usikitupe. Kifute na tambara, kigeuze uone palipokatikia. Ukikuta pote panakwaruza, pana chembechembe za kijivu kama sukari, hiyo ilipata pigo moja kubwa. Lakini mara nyingi hukuti hivyo. Utakuta sehemu kubwa ni laini, imesuguliwa, na ukiipeleka kwenye mwanga utaona mistari myembamba iliyojipanga kwa upinde, mmoja baada ya mwingine, kama ile alama ambayo maji ya bahari huacha mchangani yanapokupwa. Pengine imeingia na kutu pembeni. Kisha ng'ambo ya pili kuna kipande kidogo kinachokwaruza. Ile mistari ni ufa ulivyokuwa ukitembea, siku kwa siku. Kile kipande kidogo cha mwisho ndicho pekee kilichokatika leo asubuhi. Gari zima lilikuwa linawashwa na chuma kisichotoshana na kucha ya kidole gumba!

Kwa hiyo tukisema "boliti ilikuwa feki", tusikimbilie hapo. Feki zipo, na nitazifikia. Lakini ukifunga boliti mpya ya bei mbaya mahali ambapo ya kwanza ilikatika kwa kulegea, na hukuuliza ililegea kwa nini, umenunua safari nyingine ya chini ya gari.

Sasa nikusimulieni ya kwangu.

Nilikuwa kijana, nimejifunza ufundi miaka miwili, nikijiona nimemaliza. Nilipanda kama utingo kwenye lori lenye mbolea, tumetoka Dar es Salaam tunakwenda Tunduma. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, pale kabla ya kupanda Kitonga, dereva akataka vitunguu. Nanyi mnajua vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, ukipita bila kununua nyumbani hawakuelewi. Akazima gari. Tukachagua vitunguu, tukabishana bei, tukarudi. Ufunguo, krrrak.

Nikaingia chini. Boliti ya juu imekatika usawa kabisa na uso wa hausingi. Nikamwambia dereva, "Kaka, niachie mimi." Kwenye banda la mchomeleaji jirani nikaazima drili na waya mrefu wa umeme. Nilikuwa na kile kifaa cha kutolea boliti zilizokatika, kile kama msumari mnene wenye uzi wa kinyume. Unatoboa boliti katikati, unakipigilia humo, unakizungusha kushoto, nacho kinang'ata na kutoka na boliti. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye boksi lake. Nikatoboa, tundu likaenda upande kidogo, nikajisemea itafaa tu. Nikapigilia. Nikazungusha. Hakuna. Nikaongeza bomba kwenye mkono wa spana, nikazungusha kwa hasira.

Tik.

Fundi yeyote anayenisikiliza ameshajua. Kifaa kimekatikia ndani. Na kifaa kile ni chuma kigumu kuliko boliti, kigumu kuliko biti ya drili. Biti inafika pale inateleza na kulia. Nilikuwa na tatizo moja, nimelizalisha la pili. Dereva hakusema neno. Alikaa juu ya gunia la vitunguu akanitazama, na bora angenitukana.

Yule mchomeleaji, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaja, akalala chali, akatazama kwa muda mrefu. Akaniuliza swali moja tu: "Kijana, kabla ya kutoboa, ulijaribu kukizungusha?"

Sikujaribu. Nilikuta kimekatika, nikajua kimeng'ang'ania. Nani aliniambia kimeng'ang'ania?

Sikilizeni hili, kwa maana ndilo lililonigharimu jua lote la mchana ule. Boliti iliyokatika kwa sababu ilikuwa imelegea, mara nyingi kipande chake kilichobaki nacho kimelegea. Hakina kinachokibana tena. Kichwa kimeondoka, mvuto umeondoka. Mara nyingi ukichukua tindo ndogo yenye ncha, ukaiweka pembeni ya kipande, si katikati, ukagonga kwa nyundo ndogo kuelekea kushoto, tak, tak, tak, kinaanza kusogea. Kikichomoza kidogo, unamalizia kwa vidole.

Mzee hakuhangaika kutoboa. Aliitoa ile drili njiani kama mtu anayeondoa kuku sebuleni. Akasafisha uso wa kipande kwa brashi ya waya, akaweka juu yake nati iliyopungua kidogo kwa upana, akachomelea kupitia tundu la nati, kuanzia katikati kwenda nje, mpaka nati na kipande vikawa kitu kimoja. Nikanyoosha mkono na spana. Akanizuia. "Ngoja kipoe." Tukangoja. Akawasha sigara, akaimaliza. Kile kipande kilitanuka kwa moto, kikapoa, kikanywea, kutu ikaachia. Akaweka spana, akaisukuma kwa vidole viwili. Viwili! Kikatoka kinazunguka kama mfuniko wa chupa ya soda iliyokwisha funguliwa.

Naomba niseme jambo kuhusu kuchomelea, kwa sababu najua kuna mtu ameshanyanyuka. Lile lilikuwa lori la zamani, halina kompyuta. Siku hizi malori yana kompyuta, na umeme wa kuchomelea ukipita njia mbaya unaziunguza. Chomoa betri kabisa, fuata maelekezo ya lori lako kuhusu kompyuta, na ule mkono wa hasi wa mashine ya kuchomelea uubane karibu na kazi yenyewe, usiubane kwenye chasisi upande wa pili. Angalia mabomba ya dizeli yamepita wapi. Kizima moto kiwe mkononi mwa mtu, tena mtu aliye macho.

Na betri, hata kama huchomelei, chomoa. Hili halina mjadala. Waya ule mnene unaofika kwenye stata unatoka moja kwa moja kwenye betri, na kwenye malori mengi hauna hata fyuzi. Ufunguo uwe umezimwa, dereva awe amekwenda kulala, waya ule una moto. Malori makubwa mengi yana betri mbili zilizounganishwa, volti 24. Spana yako ikigusa kichwa cha waya upande huu na chuma cha gari upande ule, itang'ang'ania hapo hapo na kuwa nyekundu. Pete vua. Saa vua. Toa kwanza waya wa hasi kwenye betri, ndipo uingie chini. Handibreki imefungwa, gia iko huru, tairi zimewekewa vizuizi. Na stata yenyewe usiifungue ukiwa umeiwekea uso. Ya lori mara nyingi inapita kilo kumi, nyingine zinapita ishirini, na wewe umelala chali ukiitazama. Iwekee kitu chini, au mtu wa kuishika, kabla ya kugusa boliti ya mwisho.

Tumeelewana? Betri kwanza. Tuendelee.

Stata imeshatoka. Tazama kipande kimebaki wapi. Bahati ikikupenda, boliti imekatikia karibu na kichwa, na ukiivua stata unakuta mti wa boliti umechomoza, maana unene wa sikio la stata ulikuwa umeufunika. Huo ni wa kupongezana. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, nenda kanywe chai, rudi, uushike kwa plaizi ya kujifunga. Ukitaka heshima zaidi, funga nati mbili juu yake, uzikaze moja kwa nyingine mpaka zibanane, kisha ugeuze ile ya ndani kwa spana. Mti utafuata.

Kikiwa kimekatikia usawa wa uso, au kimezama, jaribu tindo kama nilivyosema. Ikishindikana, nati ya kuchomelea. Kutoboa ni njia ya mwisho. Na ukifika hapo, toboa kwa adabu. Weka alama katikati kwa panchi, tena uhakikishe ni katikati, uitazame kutoka pande mbili. Kama kipande kimezama ndani ya tundu, nenda kwa fundi wa kukereza akukatie kibomba kidogo kinachoingia kwenye tundu bila kuchezacheza, chenye tundu la biti katikati. Hicho kitaishika biti isitembee. Anza na biti nyembamba, polepole, na mafuta. Kama hausingi ni ya aluminiamu, uangalifu uwe mara mbili, kwa sababu biti ikishindwa na boliti ngumu inakimbilia kwenye aluminiamu laini pembeni, na hapo umekula uzi wa tundu. Biti zinazokata kwa kuzunguka kushoto zipo, nami nazipenda sana, maana mara nyingi boliti inatoka yenyewe wakati bado unatoboa. Na mlango wa flaiwili, pale stata ilipotoka, uzibeni kwa tambara lenye grisi. Vumbi la chuma likiingia mle, litakwenda kusumbua klachi.

Na kama uzi wa tundu umeshaliwa? Kuna springi za kuweka ndani ya tundu zinazorudisha uzi wa saizi ile ile. Zikifungwa na mtu anayejua, zinashika vizuri. Usifunge boliti kwa kuizungushia uzi wa gunia. Ndiyo, nimeona.

Sasa nirudi Ruaha Mbuyuni, maana sehemu tamu bado.

Kipande kimetoka, mimi nafurahi, nataka boliti mpya tuondoke. Mzee hakutaka kusikia. Akachukua ile boliti ya chini, ile iliyokuwa nzima, akaiingiza kwenye tundu lake kwa mkono bila stata. Ikaingia, ikaingia, ikagota. Akapima kwa kucha pale ilipogotea. Kisha akaweka sikio la stata kando yake. Akanionyesha bila kusema. Boliti ilikuwa ndefu kuliko inavyotakiwa. Ilifika mwisho wa tundu kabla kichwa hakijalibana sikio. Aliyeifunga alisikia imekaza, na kweli ilikaza, lakini ilikaza kwenye sakafu ya tundu. Stata yenyewe haikubanwa na kitu. Boliti ya juu ilikuwa inafanya kazi ya wawili, kuanzia siku ile stata ilipobadilishwa Dar es Salaam. Gereji siitaji. Tena mmoja wa waliokuwa pale siku ile, aliyeshika tochi, ni mimi.

Akachukua msumeno, akakata ncha, akailainisha kwa tupa. Halafu akakwangua rangi. Hausingi ilikuwa imepigwa rangi mpya nzuri ya buluu, mpaka pale sikio linapokaa. Rangi ikibanwa inasagika, ikisagika inapungua, ikipungua mbano umelegea. Stata inataka kukalia chuma kitupu, kisafi. Na kuna sababu ya pili: kwenye malori mengi, umeme wa hasi wa stata unapita hapo hapo, mwilini mwake. Rangi na kutu vinauzuia, stata inazunguka kivivu, nawe unailaumu betri.

Boliti ya kununua je? Tazama kichwani. Za milimita zina namba: 8.8, 10.9. Ile ya kwanza inakwambia chuma kinavumilia kuvutwa kiasi gani, kubwa ni imara zaidi. Rudisha namba ile ile aliyoweka mtengenezaji. Kichwa kisicho na alama yoyote kafungie benchi la kukalia. Malori ya Kimarekani, ambayo sasa yamejaa barabara hii ya Tunduma, mengi yana boliti za inchi, na alama zake ni mistari: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Na hapa kuna mtego. Boliti ya inchi 3/8 ukiipeleka kwenye tundu la milimita 10 inaingia kidogo, inakudanganya kwamba imekubali. Ukiikaza kwa nguvu imeshaharibu. Hata milimita na milimita zinatofautiana, kuna uzi mnene na uzi mwembamba. Boliti mpya ianze kwa vidole. Vidole vikikataa, spana isikubali. Na badilisha zote kwa pamoja, maana ile iliyobaki nzima imepigwa mateke yale yale, na ufa unaweza kuwa umeshaanza safari humo.

Kukaza, kila lori lina kipimo chake kwenye kitabu chake, na spana ya kupimia mkazo ipo. Najua wengi mnakaza kwa mkono uliozoea. Siwezi kuja kuwashika mikono. Ila kama stata yako ina mkono wa kuishikilia kwa nyuma, ule ubao wa chuma ambao mafundi wengi wanaurusha pembeni kwa kuwa "unasumbua", urudisheni. Ule ndio unaopunguza mtikisiko kwenye njia mbovu.

Madereva, na ninyi mna sehemu yenu. Injini ikizima ghafla, msipige ufunguo wakati flaiwili bado inazunguka. Subiri itulie. Gari likikataa kuwaka, usishikilie ufunguo kama unakamua ng'ombe. Sekunde zisizidi thelathini, kisha uipumzishe dakika mbili. Na ukisikia mlio umebadilika, ukikwaruza leo na kesho usikwaruze, usiseme imepona. Ingia chini, ishike kwa mkono. Ikicheza, simama hapo hapo. Ukiendelea na boliti moja utavunja sikio la stata, au utakula meno ya ringi, na ringi maana yake ni kushusha giaboksi.

Halafu kuna ule ujanja wa kuegesha kwenye mteremko ili gari liwake kwa kuserereka. Lori lenye mzigo! Injini imezima, usukani ni mzito kama jiwe, upepo wa breki hauongezeki. Ukikosa kuwaka kwenye mita za kwanza, unakwenda wapi? Mimi nimepita Kitonga nikaona vyuma vilivyolala kule chini. Naomba niishie hapo.

Mzee alipomaliza kukaza, alimtuma mtoto dukani. Nikadhani ni soda. Mtoto akarudi na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Mzee akachora mstari mmoja kutoka kichwa cha boliti kuvuka mpaka kwenye sikio la stata, na mwingine kwenye boliti ya pili. Akanikabidhi chupa. "Kila mkisimama, chungulia. Mstari ukivunjika, boliti imezunguka."

Nilichungulia Ipogolo. Nilichungulia Mafinga, kwa tochi, baridi inanikata masikio. Nilichungulia Makambako. Dereva akaanza kunicheka, anasema huyu sasa ameoa stata. Tulipofika Tunduma nikalala chali kwenye vumbi la foleni ya mpakani, nikatazama. Mstari ulikuwa umenyooka vile vile, mwekundu, kama umechorwa dakika ile. Nikatoka chini ya gari nikamwambia, "Kaka, iko sawa." Akaniuliza, "Na vitunguu?"

Vitunguu tuliviacha Ruaha Mbuyuni, kwenye benchi la mchomeleaji.

Muda wangu umekwisha, wasikilizaji. Wiki ijayo, kama mtayarishaji ataniruhusu, nitaingia kwenye waya za betri na ule unga mweupe unaoota vichwani mwake. Mlioko njiani, safari njema. Mlioko chini ya magari, mmechomoa betri? Kwaherini.